Birika la Babu Asiyekunywa Chai

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano wa Chama cha Kuhifadhi Historia ya Mtaa. Waliohudhuria: wote. Waliokuwa macho: mimi na Kinyozi. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alifungua kikao kwa hotuba ndefu, na hotuba yenyewe ikampeleka usingizini.

Ajenda ilikuwa moja. Jumapili tunafungua Chumba cha Kumbukumbu. Kabati la kioo limejaa, isipokuwa nafasi moja tu, rafu ya kati, usawa wa macho ya mtu mzima. Nafasi ya heshima! Juu yake kuna mwavuli wa karani wa kwanza wa posta na meno ya bandia ya diwani wa kwanza. Chini kuna kengele ya shule. Na pembeni kabisa, imesuguliwa mpaka inakera, iko mashine ya kunyolea ya marehemu baba yake Kinyozi.

Kinyozi ndiye mweka hazina wetu. Saluni yake imepakana na jengo la chama, ukuta kwa ukuta. Kila mteja anayekaa kwenye kiti chake huletwa kwanza aione mashine ya baba, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni. Leo waliletwa wawili katikati ya kikao. Mmoja aliuliza kama meno yanauzwa.

Mimi ni katibu. Nimekitumikia chama hiki tangu kuzaliwa kwake. Kila muhtasari umeandikwa kwa mkono wangu. Na ndani ya kabati lile ukoo wangu hauna hata kifungo cha shati.

Ningevumilia. Mimi ni mtu wa subira. Lakini Jumapili mama mkwe anakuja. Na mama mkwe anajua, tangu siku nilipokwenda kuposa, kwamba babu yangu mzaa baba ndiye mwasisi wa mtaa huu. Anajua kwa sababu nilimwambia. Siku ile nilitia chumvi kidogo tu. Kila alipokuja kututembelea nikaongeza punje chache. Hivi sasa babu amefika mahali ambapo alilima barabara kuu kwa jembe la mkono huku akiwanywesha chai vibarua wote. Leo mama mkwe amepiga simu. Anasema anakuja kuona kwa macho yake kitu cha babu kabatini.

Ukweli kuhusu babu: alikuwa mtu mwema aliyependa sana kulala.

Jumanne, 5 Machi

Kanuni ya chama: kitu hakiingii kabatini mpaka wapatikane mashahidi wawili waliokula chumvi nyingi, wasiwe ndugu wa mwenye kitu, waape mbele ya kikao kwamba walikiona kikitumika. Kanuni hiyo niliitunga mimi, kumzuia Kinyozi asitujazie kabati kwa mataulo ya baba yake. Ni kanuni nzuri. Haina upenyo.

Isipokuwa kwa mtu mwenye akili.

Asubuhi nilikwenda kwa Muuza Vyombo nikanunua birika. La bluu, la kizamani kwa umbo, mdomo mrefu. Akauliza kama tunapata mgeni. Nikamwambia birika hili linakwenda mbali kuliko anavyofikiri. Akasema mfuniko wake haukai vizuri, nisilipeleke mbali sana.

Mke wangu akanikuta uani nikiligonga kwa jiwe. Akauliza limemkosea nani. Nikamweleza mpango wote, maana mke ni mwenzi wa siri. Akafikiri kidogo, akasema babu yangu hakunywa chai. Alikuwa akisema inamfukuzia usingizi. Nikamjibu kwamba ndiyo maana birika limedumu. Akarudi jikoni, na nilimwona mabega yakimcheza kwa kicheko.

Nimelipaka siki, chumvi na majivu, nikalianika juani, nikalipaka tena. Linanuka kama kachumbari iliyosahaulika, lakini kutu imeanza kujitokeza. Nilitaka kulikwaruza jina la babu kwa msumari. Nikaacha. Babu hakujua kuandika, na mimi kwenye suala la ukweli wa historia sina mchezo.

Mpango: nalifukia nyuma ya jengo la chama. Jumamosi ni siku ya usafi. Mimi nitang'oa magugu pale pale, jembe litagonga kitu, nitashtuka. Mashtuko nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. La tatu ndilo zuri.

Jumatano, 6 Machi

Limefukiwa! Nilikwenda mchana wa jua kali, watu wote wakiwa wamejifungia ndani. Udongo ni mgumu, nikachimba kwa nguvu zote. Kwenye pigo la mwisho jembe liligonga kitu kigumu, kikalia. Jiwe, bila shaka. Nikaweka birika, nikarudishia udongo. Kabla sijaondoka mahali pale palikuwa pameanza kulowa. Bahati iliyoje! Unyevu huzeesha bati upesi.

Jioni nikaenda kuwaandaa mashahidi. Wa kwanza ni Bibi Miwani, aitwaye hivyo kwa sababu miwani yake huishi juu ya paji la uso na haijawahi kushuka machoni. Nikamtajia birika la bluu lenye mdomo mrefu. Nikamtajia tena. Mara ya tatu akafumba macho, akasema ndiyo, ndiyo, la bluu, kana kwamba analiona. Wa pili ni Mzee Redio, ambaye akishawashwa hazimiki. Nikamwambia habari za birika nikinywa maji yake. Sijamaliza bilauri akawa ananisimulia mimi habari za birika, tena na mambo ambayo sikuwa nimeyasema.

Jina la babu nililitaja mwishoni, kwa kupitisha tu, nisije nikaonekana namfanyia kampeni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na mwanagenzi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi mtaa mzima uliamka bila maji. Bomba lilikuwa limepasuka mahali fulani. Fundi Bomba akafuata unyevu, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya jengo la chama. Akachimba. Akatoa birika langu.

Kinyozi alisikia kelele akatoka na wembe mkononi, amemwacha mteja nusu kichwa. Akalichukua birika kutoka kwa Fundi Bomba, akalifuta kwa aproni, akaliinua juu mbele za watu. Kikaitishwa kikao cha dharura. Nusu kichwa naye alihudhuria.

Bibi Miwani akaomba alishike. Akalipapasa. Akasema hili ndilo, la bluu, mdomo mrefu, tangu jana halimtoki moyoni. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, tayari kupokea heshima kwa niaba ya babu. Bibi Miwani akasema ni birika la bibi yake Kinyozi, aliyekuwa akiuza chai mahali hapa hapa, Mungu amrehemu. Machozi yakamtoka.

Kalamu ilinianguka. Nikamuuliza kwa heshima zote kama halikuwa la mtu mwanamume, mtu mwema, mpole, aliyependa kupumzika. Akasema, yule mwenye usingizi? Yule hakunywa chai kabisa.

Mzee Redio akasimama. Akaapa kwamba chai ya birika hilo ilimuunguza ulimi akiwa kijana. Kisha akatoa ulimi. Kikao kizima kikasogea kuutazama. Sikuona kitu. Hakuna aliyeona kitu. Mwenyekiti, ambaye kelele zilikuwa zimemwamsha, akatamka kwamba ulimi wa mzee ni ushahidi tosha.

Wakapiga kura. Mkono wangu ulikwenda juu pamoja na mingine, maana asiyekubali angeulizwa sababu. Muhtasari niliuandika mimi: "Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba birika la marehemu bibi yake mweka hazina liwekwe rafu ya kati." Mwandiko wangu haujawahi kuwa mbaya kiasi kile.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akaniambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ijumaa, 8 Machi

Sijashindwa. Nimeamka na wazo.

Nikamwendea Muuza Vyombo, nikamshauri atoe mabirika yake yote ya bluu ayapange mezani nje ya duka, yakitazamana na mlango wa chama. Nikamwambia ni mbinu ya biashara. Nia yangu: kila mwenye macho ayaone kumi na mbili mapya, alione lile la kabatini, ajumlishe mwenyewe. Kinyozi aaibike na mimi nisiwe nimesema neno. Safi kabisa.

Watu waliona. Walisimama, wakatazama huku, wakatazama kule. Kinyozi akatoka akawaeleza kwamba kiwanda kimeiga birika la bibi yake. Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akasema wenye viwanda hawana haya, wanamwibia hata marehemu. Nusu kichwa, ambaye bado hajamaliziwa, akasema bibi angekuwa hai angewashtaki.

Kisha wakayanunua. Kufikia adhuhuri meza ilikuwa tupu. Muuza Vyombo ameagiza mengine na ametundika kibao: BIRIKA LA KIHISTORIA, KAMA LA KABATINI. Amenishukuru kwa kunishika mikono yote miwili. Amesema mimi ni mtu wa maendeleo.

Mke wangu naye amenunua moja. Anasema linamimina vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya usafi. Mimi nilipangiwa kufukia shimo. Nililifukia. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Ila katibu ndiye anayeandika kadi za kabatini! Nilikaa na kadi ile asubuhi nzima. Nikaandika: "Birika lililotumiwa na mwasisi wa mtaa." Sikutaja jina. Mama mkwe angesoma, angejijazia. Kinyozi angesoma, angejijazia. Kila mtu angekwenda kwao na furaha yake. Nilijisikia kama jaji mwenye hekima. Mchana Kinyozi akaja na kadi yake, imechorwa na mchoraji wa mabango, ina jina kamili la bibi yake, ua kila pembe, na chini namba ya simu ya saluni. Yangu ameitumia kupima kama wino wa kalamu yake unatoka.

Mama mkwe amefika leo badala ya kesho. Kabla sijapokea mizigo akanikabidhi zawadi iliyofungwa kwenye khanga. Niliijua kabla ya kuifungua. La bluu. Mdomo mrefu. Amesema pale dukani wamemweleza kwamba ni mfano wa lile lililofukuliwa, akauliza kama lile lililofukuliwa ndilo la babu.

Hapo palikuwa na njia mbili. Niliiona ile nzuri, imenyooka, ina kivuli. Kinywa changu kikashika nyingine. Kikasema ndiyo, mama, ndilo lenyewe. Jikoni kijiko kilianguka.

Jumapili, 10 Machi

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikaa safu ya mbele kwa gauni lake la sherehe, na kila aliyekaa karibu naye aliambiwa mkwewe ni mjukuu wa nani. Niliwasikia wakimuuliza, nani? Mwenye usingizi? Akawaambia huyo ni mwingine.

Mwenyekiti akavuta kitambaa. Makofi. Kisha akaisoma kadi kwa sauti, kuanzia jina la bibi mpaka namba ya simu. Mama mkwe akageuka polepole akanitazama. Hakukunja uso. Alingoja tu, kama mtu anayemngojea mwingine amalize kukohoa.

Sijui nini kilinisimamisha. Nilisimama. Nikasema ukweli wote. Kwamba birika ni langu, nimelinunua juzi Jumanne. Kwamba kutu ile ni siki na chumvi. Kwamba nililifukia mimi, na bomba nililipasua mimi. Hapo kwenye bomba watu walinung'unika kuliko kwenye historia yote. Nikaendelea mpaka nikamaliza. Sijawahi kusema ukweli mrefu kiasi kile mfululizo. Unachosha.

Mwenyekiti akanisikiliza, macho wazi kabisa, akauliza: mashahidi wako ni akina nani?

Mke wangu akasimama. Mola amlipe. Akasema aliniona nikiligonga kwa jiwe. Kinyozi akakumbusha kwamba kanuni inakataa ndugu, na mke ni zaidi ya ndugu. Mke wangu akaketishwa.

Nikamwita Muuza Vyombo. Akaweka mkono kifuani, akaapa mbele ya watu kwamba hajawahi kuniuzia birika maishani mwake, na kwamba anayouza yeye ni mifano tu, wakati lile la kabatini ni asili. Nje meza yake ilikuwa imejaa upya. Nikamwita Fundi Bomba. Akasema bomba lilipasuka kwa uzee, ndivyo alivyokwisha kumwambia mkubwa wake, na hawezi kuwa na maneno mawili. Mzee Redio akatoa ulimi bila kuombwa. Bibi Miwani akaja akanishika bega, akasema kwa upole kwamba wivu ni ugonjwa, na si wa kuonea aibu, utibiwe mapema.

Kinyozi alinisamehe hadharani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akaniahidi kunyolewa bure.

Na muhtasari lazima uandikwe. "Madai ya katibu yalitupwa kwa kukosa mashahidi, kwa mujibu wa kanuni iliyotungwa na katibu."

Tukala chakula cha jioni. Kisha mama mkwe akaniita jikoni. Alikuwa akichemsha chai kwenye zawadi yake. Akaniambia nikae. Akasema ile barabara kuu ililimwa babu akiwa ameshazikwa, aliuliza zamani, mwaka ule ule wa harusi. Akasema mtu yeyote aliyemuuliza habari za babu alimjibu vilevile: alikuwa mwema, akipenda kulala. Amekuwa akija mwaka baada ya mwaka kusikiliza tu nimefika wapi. Mwaka wa vibarua na chai ulimfurahisha sana, aliusimulia mpaka kanisani kwao na kwa jirani.

Nilitaka sakafu inifunike. Nikamuuliza kwa nini basi alivaa gauni la sherehe. Akasema alitaka kuona kama nitasimama. Na nilisimama, tena ukweli wenyewe haukunisaidia chochote, akanihurumia mpaka akasahau kukasirika. Binti yake hajawahi kulala njaa kwangu, na hucheka kila siku. Ukoo unaotaka zaidi ya hapo ni ukoo wa makuu. Akanimiminia kikombe. Akasema, mwanangu, mwache babu wa watu apumzike. Ukoo wako na uanzie kwako.

Nililia kidogo. Niliona aibu na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Chai ilikuwa nzuri.

Jumanne, 12 Machi

Mama mkwe ameondoka. Maneno yake yamenikaa rohoni, sijalala nikiyafikiri. Mama yule ana hekima! Miaka yote hii nimehangaika na babu, mtu ambaye hata mashahidi wake wamekwisha. Kosa langu lilikuwa ni kuanza na marehemu.

Ukoo uanzie kwangu. Basi nimeanza.

Leo asubuhi nimefukia kiatu changu cha kushoto uani kwetu. Kimoja tu. Viwili vingeonekana vimekusudiwa. Safari hii sikutia siki wala majivu, kizeeke chenyewe taratibu, muda upo. Mke wangu ameuliza nitakwenda vipi kikaoni. Nimemwambia watu wakubwa hawakuogopa kuchechemea.

Na mashahidi ninao tayari, wabichi kabisa: binti wa Fundi Cherehani na binti wa Muuza Mkaa. Koo mbalimbali, nimehakikisha. Kila mmoja nimempa pipi, nikapita mbele yao na kiatu kile mguuni, huku na huko, mpaka wakakariri rangi na mahali kisigino kilipolika. Watakapokuwa wamekula chumvi ya kutosha, wataapa bila kubabaika, na Kinyozi hatakuwepo kupinga.

Yule wa Muuza Mkaa ana maswali. Ameniuliza nimefanya nini hasa mpaka kiatu changu kiwekwe kabatini. Nimemwambia hilo tutalipanga baadaye.